Ushahidi wa Maziwa ya Ngamia

Kasulu,
6 Machi 2024

Kwa mdogo wangu Faudhia,

Mimi ni mzima, na nakuombea uzima wewe na Badru mumeo. Salamu nyingine zitasubiri, kwa kuwa jambo lililonishikisha kalamu halisubiri.

Zuleha ana uvimbe. Hakuniambia yeye, binti hamwambii baba yake habari za mahali pale. Aliniambia Apoline, yule mama Mkongo wa kambi ya Nyarugusu anayemletea vitenge vya kushona. Alikaa dukani mpaka wateja wakaisha, kisha akasema: "Papa Gharibu, mutoto yako iko na kitu ku titi ya kushoto. Anafichaka. Miye nilimugusa, iko nguvu sawa jiwe." Nilimwambia apunguze sauti. Akasema ameipunguza tayari, na kwamba kama ni sauti yake ya kweli, wangeisikia mpaka kambini.

Daktari wa hapa mjini amempima kwa mikono, akaagiza aende Mwanza akachukuliwe nyama kidogo ikapimwe. Unajua neno Mwanza linavyonichoma. Mama yake Zuleha alikwenda huko kwa miguu yake mwenyewe, akapasuliwa, nami nilipofika, baada ya mvua kukata barabara, nilioneshwa kaburi. Siku ile niliapa kwamba mwanamke mwingine wa nyumba yangu hatalala chini ya kisu.

Lakini Mwenyezi Mungu hakufunga milango yote, na shahidi wa hilo ni wewe. Mwaka jana ulipopatwa na uvimbe kama huu, rafiki yangu Saady alinitumia kutoka Tanga makopo ya unga wa maziwa ya ngamia, pamoja na habari za watafiti walioona maziwa hayo yakiua seli za saratani ya titi. Nilikuletea, ukanywa, ukapona. Barua yako ya shukrani niliisoma dukani baada ya sala ya Ijumaa, na wanaume wazima walifuta macho.

Basi niandikie namna ulivyokunywa: vikombe vingapi, ya moto au ya baridi, kabla ya chakula au baada yake. Usiache neno. Nitafuata kama ulivyofanya wewe. Usinipigie simu, dukani kuna masikio mengi. Mpe barua dereva wa basi la asubuhi, kama kawaida yetu.

Kaka yako,
Gharibu


Kibondo,
10 Machi 2024

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami tangu niisome sijakaa chini. Badru amenikuta nimeweka sufuria jikoni bila maji ndani yake.

Kaka, Zuleha ni mtoto wangu kama alivyo wako. Nakuomba umpeleke akapimwe kwanza. Kipimo si kisu. Nyama yenyewe wanachukua kwa sindano, na mtu hurudi siku hiyo hiyo akala chakula chake. Ikishajulikana ni nini, ndipo tutafute la kufanya.

Unauliza nilivyokunywa. Nilikunywa asubuhi na jioni, ya vuguvugu. Lakini miili haifanani. Mimi nina umri wangu, yeye ana miaka ishirini na saba. Tena mimi nilikuwa ninaonwa na daktari wakati huo huo, usisahau. Maziwa ni chakula kizuri, sikatai. Yalinipa nguvu siku ambazo hakuna kingine kilichopita kooni.

Je, uvimbe unasogea ukiguswa? Ngozi ya juu ikoje? Mwulize Apoline, kwa kuwa wewe huwezi kuuliza. Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Faudhia


Kasulu,
15 Machi 2024

Kwa Faudhia,

Nilikuomba maelekezo, umeniletea mawaidha. Mawaidha ninayo ya kutosha. Nimeyauza bure shuleni kwa miaka thelathini kabla sijaanza kuuza sukari.

Hata hivyo nimechukua lililo na faida: asubuhi na jioni, ya vuguvugu. Kwa kuwa Ramadhani imeingia, Zuleha anafuturu kwa kikombe kimoja na kula daku kwa kingine. Nasimama mlangoni mpaka nisikie amemaliza. Mzee Niyongabo, jirani yangu wa duka la mbegu, huja kutazama kopo na kulisoma pande zote. Jana alisema: "Mnyama mwenyewe hatujamwona hapa Buha tangu tuzaliwe, lakini kazi yake tunaiona kwa Faudhia." Wanaume wawili wamekwisha niomba niwaagizie makopo kwa ajili ya wake zao, nami nimekwisha mwandikia Saady.

Zuleha anataka kwenda Mwanza. Jana aliniuliza, "Baba, unaogopa nini, nife au nipasuliwe?" Sikupenda namna alivyouliza. Nilimjibu: "Shangazi yako yuko hai, ni mzima, na hana hata alama ya wembe mwilini." Akalia kidogo, kisha akaenda kushona.

Sasa nawe acha kumtia mtoto wasiwasi. Akipata barua kutoka kwako, iwe ya kumtia moyo. Nitaisoma kwanza, kisha nitampa.

Kaka yako,
Gharibu


Kibondo,
18 Machi 2024

Kwa Zuleha, mwanangu,

Barua hii nimempa Apoline alipopita sokoni hapa, nimemwambia akupe mkononi mwako, si dukani. Nimekupigia simu mara nyingi. Kila mara anapokea baba yako, nami nabaki nauliza bei ya sukari.

Nina alama ya wembe, Zuleha. Tena si alama. Titi langu la kulia halipo.

Mwezi wa sita mwaka jana, tulipowaambia tunakwenda msibani Nyakanazi kwa ndugu za Badru, tulipita Nyakanazi tukaenda Mwanza. Nilikuwa nimekunywa maziwa ya baba yako kwa miezi miwili, kwa moyo wote, na uvimbe ulikuwa umekua kutoka punje ya karanga hadi yai. Badru ndiye aliyesema imetosha. Walinikata, kisha wakanitia dawa za mishipani kila baada ya wiki tatu. Nywele zilitoka, ushungi ukanisitiri. Baba yako alikuja Kibondo siku zile, akanitazama, akasema, "Umepungua, lakini uso una nuru. Ngamia huyo!" Akacheka kwa furaha mpaka akakohoa. Mwanangu, sikuwahi kumwona akicheka hivyo tangu mama yako azikwe. Nitamwambiaje?

Nikamwandikia kwamba namshukuru Mungu na namshukuru yeye, nimepona. Kila neno la barua ile ni la kweli, isipokuwa yale niliyoyaacha. Sikujua kwamba angeisoma mbele ya watu. Alipokwisha kuisoma, nikaona kumkanusha ni kumvua nguo hadharani.

Nenda Mwanza. Apoline atakusindikiza, ameniahidi. Ila usimtaje shangazi yako. Mwambie baba yako ni uamuzi wako.

Shangazi yako,
Faudhia


Kasulu,
24 Machi 2024

Shikamoo Shangazi,

Umenipiga na kitu kizito. Nimeisoma chini ya cherehani, kila baba akipita nakanyaga pedali hata kama hakuna kitambaa.

Kumbe ndiyo maana ulikataa nikupime gauni la Maulidi. Nilikuja na futi yangu mpaka Kibondo, ukaniambia umechoka, nishone kwa makadirio. Nikalishona, likakukaa vizuri upande mmoja, nikajilaumu mwezi mzima kwamba sijui kazi. Mbona hukuniambia hata mimi?

Sasa sikiliza. Baba ana barua yako, anaikunja ndani ya kitambaa kama hirizi. Mimi nina barua yako nyingine. Mwandiko ni mmoja. Moja inasema maziwa, moja inasema kisu. Nimwamini Faudhia yupi? Labda hii ya pili ndiyo ya uongo, umeandika ili nikubali kwenda. Watu wazima mnatudanganya kwa ajili ya faida yetu, tumeshawazoea.

Unaniambia niende kimyakimya. Nikienda kimyakimya nikapona, kitatokea nini? Baba atasoma dukani: "Na Zuleha pia!" Mzee Niyongabo atalia. Na wake za wale wanaume wawili walioagiza makopo watakaa nyumbani wakinywa, wakingoja kupona kama sisi. Sitaki kuwa shahidi wa pili.

Nikikosa kupona, hapo watasema sikunywa vizuri.

Apoline ameniambia uliuliza ngozi ikoje. Ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Apoline aliona jana akapiga kelele: "Muko munangoja nini mu hii nyumba? Hii kitu haingojaki Pasaka wala Idi!" Baba aliuliza kuna nini, tukamwambia sindano imenichoma.

Mimi naogopa, Shangazi. Naogopa Mwanza kama baba anavyoiogopa, tusidanganyane. Mwambie wewe. Nikimwambia mimi, atasema nimeghushi.

Zuleha


Kibondo,
28 Machi 2024

Kaka Gharibu,

Ukiipata barua hii, funga duka kwanza, kisha ukae.

Sikuponywa na maziwa. Nilipasuliwa Mwanza mwezi wa sita mwaka jana, titi la kulia likaondolewa, na baada yake nikatiwa dawa miezi kadhaa. Msiba wa Nyakanazi haukuwapo. Badru anajua, na Zuleha amejua siku hizi kwa barua niliyomwandikia bila ruhusa yako. Watu wengine hawajui.

Siandiki ili kuyadharau maziwa. Nililibeba kopo lako hadi kwa daktari kule Mwanza, pamoja na karatasi ya Saady, kwa sababu nilitaka sana uwe umesema kweli. Daktari yule ni mwanamke mdogo kuliko Zuleha kwa kumtazama. Hakunicheka. Alisoma karatasi yote, akasema: "Mama, utafiti huu upo, na walioufanya si wajinga. Lakini soma hapa. Walichukua seli za saratani, wakazikuza ndani ya kichupa, wakazimwagia kitu kilichochujwa kutoka kwenye maziwa. Kichupa hakina tumbo la kusaga maziwa, hakina damu, hakina mtu. Wengine wamejaribu kwa panya. Kutoka hapo hadi kwako ni safari ndefu, na wengi wanaianza hawafiki. Kunywa kama chakula, yakiwa yamechemshwa. Lakini usiyangoje." Ndivyo alivyosema: usiyangoje. Mimi nilikuwa nimeyangoja miezi miwili.

La mwisho ni gumu, nami nitalisema kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema. Mkeo hakuuawa na kisu. Aliniambia mimi jikoni, mwaka ule, kwamba alikuwa na kidonda cha titi kwa mwaka mzima na anakifunga kwa kanga, asikutie hofu. Alifika Mwanza ugonjwa umekwisha fika mgongoni. Alificha, nami nikaficha, na Zuleha ameanza kuficha. Wanawake wa nyumba yetu hukuficha wewe, Kaka, kwa sababu tunakupenda na tunakuogopa, na nimeshindwa kujua lipi linazidi.

Ngozi ya mtoto imekuwa kama ganda la chungwa. Daktari alinionya kuhusu dalili hiyo. Mpeleke.

Nilaani ukitaka, lakini mpeleke.

Faudhia


Kibondo,
7 Aprili 2024

Kaka,

Sijapata jibu. Dereva anasema alikukabidhi barua mkononi. Anasema duka limefungwa tangu juzi na Mzee Niyongabo anawaambia wateja hajui kitu. Simu ya Zuleha haiiti. Nimewatuma watu Nyarugusu wamtafute Apoline, wameambiwa hayupo kambini.

Idi inakuja, nimepika kwa mazoea na hakuna anayekula. Badru ananiambia nitulie, kisha yeye mwenyewe anakwenda stendi kila basi linapoingia.

Nijibu hata kwa tusi.

Faudhia


Mwanza,
19 Aprili 2024

Kwa Faudhia,

Ulipopokea simu yangu jana, nilisikia sauti yako nikakata. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno matatu, yakanikimbia. Kwa hiyo naandika, na basi la leo litakufikishia.

Nitaanza na hasira, kwa kuwa ndiyo iliyoanza. Umenifanya shahidi wa uongo, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo zaidi. Usiku ule sikulala, na haikuwa kwa ajili ya ibada. Asubuhi niliwaita wale wale waliosikia barua ya kwanza, nikawasomea ya pili, isipokuwa sehemu inayohusu marehemu mke wangu. Ushahidi uliotolewa hadharani hukanushwa hadharani. Mzee Niyongabo alivua kofia akaishika, basi. Kisha nilikwenda katika nyumba mbili za waliokwisha pokea makopo. Mmoja alinishukuru. Wa pili aliniambia, "Mwalimu, jana dawa, leo si dawa; kesho utakuja na lipi?" Nilistahili. Mkewe alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza, na jana nimepata habari kwamba amekwenda kupimwa.

Kuhusu marehemu, sitaandika. Siku nyingine, kama tutajaliwa.

Tulifika hapa kabla ya Idi, mimi, Zuleha na Apoline. Simu tulizima, kwa amri yangu. Sikutaka kusikia mtu. Tumeswali Idi kwenye mji tusioujua. Kipimo kimetoka. Ni saratani. Daktari ameniambia kwamba imeingia kwapani, lakini hawajaiona kwenye ini wala mifupa, na kwamba wanataka kupasua Jumatano ijayo, kisha dawa, kisha mionzi. Nilimwuliza kama wiki zile za maziwa zimeharibu. Akanitazama, akasema, "Tungependa kumwona mapema zaidi, Mzee." Ana adabu. Nimeelewa.

Sasa shida ni hii. Zuleha amekataa kutia sahihi karatasi ya upasuaji. Nimemsihi, nimemwamuru, hata nimemwambia kwamba kiapo changu nimekitolea kafara. Anajibu, "Baba, mwezi uliopita ulisimama mlangoni ninywe maziwa. Leo umesimama mlangoni nipasuliwe. Mimi nitajuaje?" Nikakutaja wewe. Akasema ana barua zako mbili kichwani, na barua haiwezi kumwambia atakuwaje akiamka. Anasema atatia sahihi akiona kwa macho yake, si kwa maandishi.

Mimi wodi ile ya wanawake siingii, na hata ningeingia, jambo analotaka kuliona si la kuoneshwa mbele yangu. Apoline anamwambia, "Mutoto, sini karatasi, tuende kwetu," na hata yeye hasikilizwi.

Njoo, Faudhia. Sikuamuru. Najua ninachokuomba, kwa kuwa umekificha hata kwangu mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto. Panda basi la kwanza. Jumatano haiko mbali.

Kaka yako,
Gharibu


Wodini,
Jumanne, 23 Aprili 2024

Baba,

Apoline anakuletea hii hapo nje. Usimwulize maswali, atakujibu kwa sauti yake ya kambini na wodi nzima itasikia.

Shangazi amefika saa nne. Hakusalimia mtu. Alivuta pazia la kitanda, akakaa hapa nilipokaa mimi, akaanza kufungua vifungo. Nikamsaidia vile viwili vya chini. Alikuwa ameweka kitambaa cha sponji alichoshona mwenyewe, ameshona vibaya sana, nikamwambia, "Shangazi, kazi gani hii?" Akacheka na kulia.

Nimeona, Baba. Ni mstari mrefu kutoka katikati ya kifua hadi kwapani, umekunjamana mwishoni. Si mzuri. Nilidhani ningeona shimo, kumbe ni ngozi tu, ya moto kama ngozi yoyote. Aliuchukua mkono wangu akauweka pale, akaniambia nibonyeze nisiogope. Nikabonyeza. Nilisikia moyo wake ukipiga karibu mno.

Mama wa kitanda cha pili, anatoka vijijini huko Sengerema, aliuliza kupitia pazia kama naye anaweza kutazama. Shangazi alivuta kanga kifuani, akaiachia. Kisha akasema, "Njoo, dada." Sasa wamekuja wanne. Ameacha pazia wazi kidogo, anajibu kila mmoja: lini, iliuma kiasi gani, mumeo alisemaje, mkono unanyanyuka mpaka wapi. Anaunyanyua wanaona.

Nimetia sahihi. Muuguzi amechukua karatasi dakika hii.

Daktari amesema hawezi kuniahidi kupona, anaahidi kujaribu kwa njia wanayoijua. Nimemwambia nimeshachoka na wanaoahidi.

Kesho naingia wa kwanza. Ninaogopa mpaka meno yanagongana, na Shangazi anaogopa, anajidai anatafuta kiatu. Wewe kaa hapo kwenye benchi lililotazamana na mlango. Usiende kuswali mbali, usiende kununua chai. Wakitoka kuita ndugu wa Zuleha Gharibu, nataka uwe mtu wa kwanza kusimama.

Mwanao,
Zuleha